Kazi Yangu Ilikuwa Kuzuia Viatu

Nimeombwa niandike kwa ajili yenu mnaoingia golini sasa, nami nimekubali, ila shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililisoma nimekaa karibu na dirisha. Kwa hiyo msitafute mpangilio. Nitasema kama ninavyokumbuka, na nikipotea njiani nitarudi mwenyewe, maana siku hizi sina pa kukimbilia. Mgongo umenikataza.

Wengi mnanijua kama Mzee Mbwana wa mikanda, yule Mtanga anayeuza mikanda na pochi Marshalltown, pale kwenye robot, yaani taa za kuongozea magari. Ile ilikuwa riziki tu. Mtu akiulizwa babake alikuwa nani hajibu kwamba alikuwa mla ugali. Kazi yangu mimi ilikuwa golini, kwa mafundi cherehani wa Kikongo wa La Rochelle, tangu mwaka 2015 mpaka 2019, kila Jumapili alasiri. Nilianza nikiwa tayari nina wajukuu. Kabla ya hapo sikuwahi kusimama golini hata kwa utani. Ujana wangu Tanga niliumalizia kwenye bao, nimekaa chini, na mchezo ule hautaki mbio.

Siku ya kwanza nilikuwa napita tu. Nilikuwa nimetoka Rosettenville kumjulia hali rafiki yangu mgonjwa, nina mfuko wa mikanda begani, nikakuta kando ya uwanja wanaume waliovaa vizuri kupita kiasi wamemzunguka bibi mmoja wa Kizulu aliyekalia kreti la bia lililopinduliwa. Nikadhani msiba. Wakongo wale hata mazoezini walikuwa wakija na viatu vya ngozi vinavyong'aa, ndipo wavue wavae daluga, na daluga zenyewe zimepigwa kiwi. Bibi alikuwa na joho jeupe na mshipi wa kijani. Tulimwita Gogo, kama Wazulu wanavyowaita bibi zao. Jina jingine sikulijua wala sikuthubutu kuuliza.

Mambo yalikuwa hivi. Kanisa la Gogo halina jengo. Linasali nje, uwanjani pale, Jumapili asubuhi mpaka mchana, upande wa kusini, mahali palipo na goli la chuma lililowekwa zamani. Wamepanga mawe yaliyopakwa chokaa kuzunguka goli lote, duara kubwa hivi, na ndani ya mawe ndipo patakatifu pao. Milingoti ya goli wao ni lango. Ndani ya duara haingii mtu na viatu, awe nani.

Mafundi nao walikuwa wamechoka kucheza chini ya kilima cha mchanga wa mgodi. Mnaokijua mnakijua. Upepo ukivuma, vumbi la njano linakuingia machoni na puani mpaka unakohoa rangi. Nahodha wao alikuwa Kabeya, fundi wa suti kutoka Lubumbashi, mtu mwembamba mwenye shingo ndefu. Yeye Jumatatu baada ya mechi alikuwa hawezi kutunga uzi kwenye sindano kwa sababu ya macho. Fundi asiyeweza kutunga uzi atakula nini? Na kuacha mpira hakutaka, maana wiki nzima amefungiwa chumbani na cherehani, Jumapili ndiyo siku yake ya kuwa mtu.

Gogo akawapa masharti, nami niko pale nasikiliza kwa Kizulu changu cha kuuzia mikanda. Chezeni alasiri, sisi tukimaliza. Lakini siku kiatu kitakapokanyaga ndani ya mawe haya, siku hiyo ni ya mwisho. Mtarudi kwenye vumbi lenu.

Nikamuuliza Kabeya, "Sasa mnabishana nini?"

"Gogo anasema mutu wa golini avule viatu."

"Basi avue."

"Nani?"

"Golikipa wenu."

"Muzee, utuangalie." Akawazungushia wenzake mkono. "Kwetu Lubumbashi mutu wanavulaka viatu mbele ya batu ni ule amekufa."

"Huyo golikipa mwenyewe yuko wapi?"

"Ameenda kwake. Alisikia ile habari, akakasirika."

Mimi kuvua viatu ni jambo la kila siku. Msikitini navua, nyumbani navua, kwa watu navua. Nikasema basi nitavua mimi, mradi msinicheleweshe. Kabeya akaniuliza kama najua kudaka. Nikamwambia sijui. Akanitazama miguuni kwa muda, kisha akasema, "Haina neno. Kudaka mutu anajifunzaka."

Ndivyo nilivyopata kazi. Mechi ya kwanza nilifungwa kila mpira uliokuja, mwingine uliniingia nikiwa nimeupa mgongo, na mwisho wa mchezo nilibebwa juujuu. Hakuna kiatu kilichoingia.

Nilipompigia simu mke wangu Tanga kumweleza, akauliza, "Umebadili dini?"

"Nimevua viatu tu."

"Kanisani?"

"Golini."

"Goli liko wapi?"

"Kanisani." Akakata simu. Aliponipigia tena alitaka kujua kama kuna baridi.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, maana golikipa wa mahali pengine hawezi kukufundisha. Kwanza, sisi hatubadilishani magoli. Kipindi cha kwanza na cha pili nasimama kusini, kwa sababu Gogo alisema anataka mtu mmoja anayemjua, hataki kila Jumapili kujifunza miguu mipya. Wageni walilalamika kwamba jua linawapiga wao tu. Tukawaambia kilima cha mgodi hakina jua, vumbi limelifunika, waende huko.

Pili, mgeni anapofika anaambiwa sheria. Ukitaka kuingia ndani ya mawe, vua. Hutaki kuvua, piga ukiwa nje. Wengi walipiga wakiwa nje. Kwa hiyo miaka ile tulifungwa kidogo, na watu wakaanza kusema eti Mzee Mbwana hodari. Mimi nilikuwa nikiupokea tu mpira uliochoka njiani.

Tatu, hakuna nyavu. Mafundi walishona nyavu nzuri sana za pazia, zina maua. Gogo akakataa. Lango la kuingilia haliwekwi pazia, akasema, mtu atapitaje? Basi mpira ukiingia unapita moja kwa moja mpaka nyuma, na kila goli lilikuwa na kesi yake.

Nne, na hili shikeni sana, ardhi ya ndani inafagiwa. Akina mama wa kanisa wakimaliza sala wanaifagia mpaka inakuwa laini kama unga, haina alama hata moja. Baada ya mechi Gogo anakuja na fimbo, anazunguka, anasoma. Sisi wote tumesimama nje ya mawe, jasho linatukauka, hakuna anayekwenda nyumbani mpaka amalize.

"Hapa uliteleza," ananiambia.

"Ndiyo, Gogo."

"Hapa uliogopa. Ulirudi nyuma."

"Ndiyo, Gogo."

"Hapa hukuwa unaangalia mpira kabisa. Ulisimama kwa vidole. Nani alikuwa anapita barabarani?"

Ilikuwa kweli. Alipita mama mmoja na mwavuli. Tuyaache hayo.

Mwalimu wangu wa golini ndiye huyo, na hakuwahi kupiga mpira hata mmoja. Alikuwa akikaa nyuma ya lango kwenye kreti lake, miguu peku, nje ya mawe kidogo. Mwanzoni nilikuwa natazama mpira kama golikipa wote. Akanigongea mlingoti kwa fimbo. "Mkhulu," akasema, yaani babu, na alikuwa mkubwa kwangu, "kwa nini unatazama mpira? Mpira hauna viatu."

Nikaanza kutazama miguu. Na nawaambia ukweli, nilipoanza kutazama miguu ndipo nikajua kudaka. Mguu unasema mapema. Mshambuliaji anayeyumbisha mabega anakudanganya kwa mabega, ila kisigino chake kimeshageuka kule anakokwenda. Tena tazameni kamba. Mtu aliyefunga fundo moja ana nia ya kuvua. Mtu aliyefunga mafundo mawili, akazungusha kamba chini ya kiatu, akafunga tena, huyo hana nia, na huyo ndiye wa kumwekea macho tangu anashuka kwenye teksi.

Vifaa. Ufagio mmoja, uegemezwe kwenye mlingoti wa kushoto, wa kusawazisha palipochimbika. Glavu zangu Kabeya alizishona kwa ngozi ya sofa lililotupwa, zilikuwa imara, ila mvua ikinyesha zilinuka kama sebule ya watu. Jezi pia alishona yeye. Sikuiomba. Alisema golikipa ndiye anayesimama mahali pamoja muda mrefu kuliko wote, kwa hiyo ndiye anayeonekana, kwa hiyo lazima avae. Akanishonea jezi ya kijani ya mikono mirefu, ina kola, ina mabega yaliyojazwa pamba, ina vifungo vya rangi ya dhahabu mpaka shingoni.

Nikamwambia, "Kabeya, nitaruka vipi na hii?"

"Usiruke. Utaikunja."

Siku moja nilidaka shuti kali la kifua na kifungo kikatoboa mpira. Kabeya alikimbia kutoka katikati ya uwanja uso umempauka, akapiga magoti nje ya mawe, akanichungulia kifuani. Alipoona kifungo kiko salama akarudi.

Kesi ngumu zilikuwepo. Walikuja Wamalawi, wapishi wa hoteli, wakasikiliza sheria kwa adabu, wakavua viatu timu nzima, wakavipanga mstari. Hatukuwa tumefikiria hilo. Waliingia na kutoka duarani kama kwao, wakatufunga mpaka refa akawa anapuliza filimbi kwa uvivu. Gogo alifurahi sana siku ile. Alisema hajaona watu wenye heshima namna hiyo, na akawaalika kwenye sala.

Alikuja mwingine amefunga mifuko ya plastiki juu ya daluga, eti kiatu hakigusi ardhi, plastiki ndiyo inayogusa. Gogo akamwambia avue plastiki, avue kiatu, avue soksi, aende nyumbani.

Na alikuja Mkenya mmoja, fundi simu, mjanja. Akavua kiatu kimoja tu. Mpira ulipoingia ndani ya mawe akaukimbilia kwa kurukaruka kwa mguu mtupu, ule wenye kiatu ameukunja nyuma kama hadeda, yule ndege wa mdomo mrefu, kwenye majani. Nilishindwa la kufanya kwa kumtazama. Akapiga kwa kichwa, ukaingia. Mafundi wakapiga kelele uwanja umekwisha. Gogo akaja na fimbo, akainama, akafuata alama za wayo mmoja mpaka langoni. Akasema ni halali. Kilichokatazwa ni kiatu kukanyaga ardhi. Kiatu kikiwa hewani hakina kosa, hata ndege wana kucha. Ndipo tukaielewa sheria vizuri, na kwa wiki kadhaa kila mtu akawa anajizoeza kuruka kwa mguu mmoja, mpaka kijana wa beki tatu alipoteguka.

Sasa nije kwenye mechi yangu ya mwisho, mwaka 2019.

Tulikuwa tunacheza na wachuuzi wa mjini, Watanzania, watu wangu kabisa, wale wa maduka ya jumla na meza za barabarani. Kila mwaka tulikuwa tunacheza nao mara moja, na anayefungwa anawapikia wenzake. Wao pia walikuwa wameanza kuja kufanya mazoezi pale Jumamosi, kwa hisani ya Gogo, kwa masharti yaleyale. Kwa hiyo uwanja ukifungwa unafungwa kwetu sote, na kilima cha mgodi kinatungoja sote. Muelewe hilo.

Mshambuliaji wao alikuwa Seif, anauza mablanketi. Jamaa mnene, wa Temeke, mcheshi, na mapafu yake yamezoea kutangaza bidhaa. Alikuwa hajafunga goli tangu aingie nchi hii, wenzake walimwimbia wimbo wa hilo. Nilimtazama akishuka kwenye teksi. Mafundo mawili, kamba chini ya kiatu, fundo la tatu.

"Seif," nikamwambia, "kamba hizo."

"Mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba. Kamba hizo umezifunga kwa nini hivyo?"

"Viatu vipya, babu. Mjini hapa ukilegeza kidogo, vinaondoka na mtu mwingine."

"Ukifika kwenye mawe utavua?"

"Kwani nimewahi kufika kwenye mawe?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Refa alikuwa Bwana Ndayi, Mrundi, kinyozi, mtu wa haki sana, asiyependa makelele. Mechi ikaenda suluhu mpaka mwisho kabisa. Mafundi walikuwa wote mbele wanatafuta goli, uwanja wetu umebaki mtupu kama baraza la asubuhi, ndipo mtu akaubutua mpira tu, bila nia, ukawapita wote. Nyuma yake Seif. Peke yake.

Nikatazama miguu. Mpira ulikuwa unajibingirisha taratibu, ningeweza kuuokota kama embe lililoanguka. Lakini Seif alikuwa nyuma yake anakuja na uzito wake wote, hasimami, hawezi kusimama hata akitaka, na zile daluga zinang'oa majani. Nikauacha mpira. Nikaenda mpaka kwenye mawe, nikakunja magoti, nikapanua mikono, na alipofika nikamkumbatia kiunoni nikamnyanyua.

Alikuwa mzito kama kabati. Miguu yake iliendelea kukimbia hewani. Nami kasi yake ikanisukuma, nikawa narudi nyuma mbio, peku, nimembeba mtu mzima, tunaelekea golini kwangu mwenyewe.

"Babu, nishushe."

"Una viatu."

"Nishushe bwana, naona aibu."

"Kunja miguu."

Akaikunja. Lakini mpira ulikuwa pale pembeni yetu, unabingirika nasi sambamba, na mshambuliaji ni mshambuliaji. Akanyoosha mguu mmoja, nikiwa nimemkumbatia, akaugusa kwa ncha ya kiatu. Mpira ukaingia. Sisi tukafuata, tukapita katikati ya milingoti, tukatokea upande wa pili, nje ya mawe, mbele ya kreti la Gogo. Hapo ndipo nilipomshusha.

Wachuuzi wakapagawa. Mafundi wakawa wananililia mimi, Kabeya ameshika kichwa kwa mikono miwili. Lakini nilimtazama Gogo, na Gogo alinipa ishara ndogo ya kichwa. Kiatu kilikuwa hewani. Uwanja upo. Nikafurahi, nawaambieni, nilifurahi kuliko siku niliyopangua penalti. Nikageuka kuwaambia wenzangu wasilie.

Nikamwona Bwana Ndayi amesimama katikati ya duara. Amekuja kuhakikisha kama mpira umevuka, mtu wa haki, amekagua mstari, ameweka filimbi mdomoni. Na viatu vyake vyeusi.

Miaka yote ile tulikuwa tumewatazama washambuliaji, mabeki, washika vibendera, hata wauza maji. Refa hatukuwahi kumwambia. Nyavu hakuna, ila marefa wote waliotangulia waliamua wakiwa mbali, wavivu. Tulipata refa mmoja mwenye bidii.

Kelele zikafa. Gogo akanyanyuka. Akachukua fimbo, akaingia, akaanza kusoma kama kawaida yake, polepole, kana kwamba haoni yule mtu aliyesimama pale. Akafuata nyayo zangu, zilikuwa zimezama, za watu wawili kwa miguu miwili. Halafu akafika kwenye za Ndayi. Njumu zote za soli zilionekana.

"Mama, mimi nilikuwa kazini," Ndayi akasema.

Kabeya akavua kofia. Alikuwa haangalii kiatu, alikuwa anaangalia kule upande wa kilima cha mgodi, na akaanza kufumba na kufumbua macho kana kwamba vumbi limeshafika.

Gogo akaniita. "Mkhulu, huyu aliingia kufanya nini?"

"Kulitazama goli, Gogo."

"Kama goli lisingekuwepo, angeingia?"

"Asingeingia."

Akasema, nami nikawatafsiria watu wote: kiatu hiki kimeletwa na goli. Goli likibaki, kiatu kimebaki, na uwanja nimeufunga. Goli likirudi lilikotoka, kiatu nacho kitakuwa kimerudi.

"Kurudi vipi?" Nahodha wa wachuuzi akauliza.

"Kama lilivyokuja. Kila kitu nyuma."

Wote tukamgeukia Seif. Goli lilikuwa lake. Amekaa miaka yote anaimbiwa wimbo ule, leo amefunga, tena akiwa hewani, goli ambalo hata huko kwao Temeke wangelisimulia. Akajifuta jasho.

"Bibi, nikikataa?"

"Utacheza vumbini. Wewe na wao."

Akamtazama Kabeya, aliyekuwa bado anapepesa macho. Akatazama daluga zake. Mfanyabiashara yule, nikajua anatafuta bei. "Sawa," akasema. "Sikufunga. Lakini nilibebwa kuja, nitabebwa kurudi. Sikanyagi mimi, nisije nikaambiwa ni mimi."

Gogo akasema huyo ana akili.

Basi tukalirudisha goli. Bwana Ndayi alikwenda kinyumenyume, anaweka kiatu kwenye alama ileile aliyoiweka, Gogo anamfuata akizifagia. Kabeya, ambaye refa humwita arbitre, akamwelekeza kwa sauti kutoka nje, "kushoto, arbitre, kushoto kidogo," kama anayerudisha gari. Alipotoka nje ya mawe akapuliza filimbi, ila kwa kuvuta pumzi ndani, maana tuliambiwa kila kitu. Haikutoa mlio.

Kisha nikamnyanyua Seif. Mara ya kwanza alikuja na kasi yake mwenyewe, kumbe kasi ilikuwa imembeba nusu. Sasa alikuwa mzigo mtupu. Nikaanza kutembea naye kupita katikati ya milingoti, Gogo anausukuma mpira kwa fimbo pembeni yetu, na mahali palepale Seif akanyoosha mguu akaugusa tena kwa ncha, taratibu, kwa heshima, akiutoa golini.

"Babu, unatetemeka."

"Nyamaza."

"Ningejua nisingekula asubuhi."

Nilimfikisha kwenye mawe, nikamtua nje, na nilipotaka kusimama wima, mgongo ukakataa. Nikasikia kitu kimoja kikali kiunoni, nikaenda chini chali, ndani ya duara, nimevaa vifungo vya dhahabu, natazama mawingu. Sikuweza kujigeuza hata kidogo.

Walikuwa wamesimama wote nje ya mawe, timu mbili, na hakuna aliyesogea. Gogo akawatazama mmoja mmoja.

"Khumulani," akasema. Vueni.

Nikawasikia wakikaa chini. Sikuwaona, nilisikia tu kamba zinavutwa, soksi zinavuliwa, mtu anatukana fundo. Wa kelele zaidi alikuwa Seif, fundo la tatu limegoma, anaomba kisu. Kabeya akatoa mkasi mfukoni, yule haachi mkasi hata uwanjani, akazikata zile kamba mpya. Halafu akakaa, akavua vya kwake. Mbele ya watu. Alivikunjia soksi ndani vizuri, akavielekeza vyote upande mmoja.

Wakaingia, wakanizunguka, wakanyanyua. Mafundi kichwani, wachuuzi miguuni. Uso wa Kabeya ulikuwa juu yangu.

"Muzee," akasema, "haukutuambia kama ni baridi hivi."

"Hamkuuliza."

Waliponitoa nje na kunilaza kwenye majani, Gogo alikuwa amebaki ndani anasoma. Ardhi yote ilikuwa imejaa nyayo tupu, kubwa na ndogo, za vidole vilivyobanwa na viatu vya ngozi maisha yao yote. Uwanja ulikuwa umepona, hilo lilionekana usoni mwake. Lakini mtu wa kuulinda alikuwa amelala kwenye majani. Alizunguka muda mrefu. Akasimama kwenye wayo mmoja mpana, uliokaa vizuri, kidole gumba kimeachana na vingine, akauzungushia mstari kwa fimbo.

"Huu ni wa nani?"

Watu wakatazamana, wakatazama chini, kila mtu akaangalia mguu wake. Mwisho Seif akainua mkono, kamba zilizokatwa bado ameshika.

"Wangu, bibi."

"Jumapili ijayo uje mapema. Utasimama hapa."

Nikamtafsiria nikiwa nimelala. Seif akawatazama wachuuzi, akawatazama mafundi, akamtazama Kabeya aliyekuwa ameshaanza kumpima mabega kwa macho.

"Mwambie bibi," akaniambia, "mimi ni mshambuliaji. Wa timu nyingine."

Nikamwambia. Gogo hakuinua kichwa, alikuwa ameshachukua ufagio.

"Mwambie alikuwa."